Bia ya Harusi ya Tessa

Jumapili moja ya Machi, Tessa Sobczak alipomaliza kutaja mezani vitu ambavyo wazazi wa mchumba wake wangevigharimia, baba yake alikuwa ameikata nyama ya sahani yake vipande vidogo vidogo kama anayemkatia mtoto, na hajala hata kimoja. Ukumbi ungelipiwa na wazazi wa Graham. Chakula, wao. Maua, wao. Muziki, wao. Hata mahema, iwapo mvua ingenyesha Septemba, wao.

"Na sisi je?" Lyle akauliza.

"Nyinyi mtakuja, Baba," Tessa akasema, akicheka kidogo. "Utanishika mkono unipeleke mbele ya watu. Hiyo nayo kazi."

Graham, kijana mpole wa Minneapolis mwenye mikono laini, alijishughulisha kumimina maji kwenye glasi zilizokuwa bado zimejaa. Arlene, mama yake Tessa, alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza. Tangu kiwanda cha karatasi kifungwe mwezi wa Desemba, Lyle hakuwa mtu wa kuchokozwa. Alishinda kochini mchana kutwa, televisheni imewashwa na sauti imezimwa.

"Bia," Lyle akasema ghafla.

"Bia gani?"

"Ya harusi. Hapa Kaukauna baba wa bibi harusi ndiye anayewanywesha watu. Babu yako mzaa mama alinunua mapipa manne siku ninamwoa mama yako, na ng'ombe wake walikuwa hawazidi ishirini. Waambie hao wazazi wa Graham wasiguse bia. Bia ni yangu."

Graham alifungua kinywa. Tessa akamwekea mkono gotini, na Lyle alipouona mkono ule alidhani ni mapenzi tu ya watu wanaokaribia kuoana. Hakujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesimama, kisu kikiwa bado mkononi, macho yakimwaka. Tessa alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sawa, Baba," akasema. "Bia ni yako."

Jumatatu yake Lyle alimpigia simu msambazaji wa bia, akaulizia mapipa ya kuwatosha watu mia na ishirini. Bei aliyotajiwa aliiandika nyuma ya bahasha, akaitazama, akaikunja bahasha mara nne na kuitia mfukoni. Hakumwonyesha Arlene. Jumanne akaendesha hadi Appleton, kwenye kiduka kinachouza vifaa vya watu wanaojipikia bia nyumbani, akasimama mbele ya rafu akilizungusha sanduku kubwa lenye picha ya mwanamume mwenye furaha.

"Hiyo ni ya wanaoanza," akasema mwenye duka, mama mmoja wa makamo aitwaye Roberta Vandehey, nywele nyeupe kazifunga kwa mpira wa kufungia mboga. "Ina kila kitu ndani."

Lyle aliendelea kulizungusha, ungedhani anasoma maelezo. Alikuwa anatafuta bei. Alipoiona, masikio yalimwaka moto.

"Unataka kupika kiasi gani?" Roberta akauliza.

"Chupa mia mbili na arobaini."

"Ushawahi kupika?"

"Hata siku moja."

Lyle alingoja kicheko. Hakikuja.

"Ya nini yote hiyo?"

"Binti yangu anaolewa."

Roberta alimtazama koti, akamtazama viatu, kisha akalichukua lile sanduku mikononi mwake na kulirudisha kwenye rafu.

"Basi hili hulihitaji," akasema. "Nenda duka kubwa lolote, kwa wale wanaopamba keki, waombe ndoo za plastiki zilizokuwa na krimu. Huwa wanazitupa. Sufuria unalo?"

"Mke wangu ana lile la kusindikia nyanya."

"Linatosha. Kwangu nunua mpira wa kunyonyea, kibanio cha vizibo, vizibo vyenyewe, na dawa ya kuua vijidudu. Kimea chukua gunia zima, nitakusagia mwenyewe. Hopsi, maua ya kutia bia uchungu, chukua hizi za mwaka juzi, zimelala kwenye friji, hakuna anayezitaka, lakini uchungu bado zinao. Hamira pakiti moja tu. Ukimaliza kupika, ile iliyotuama chini ya ndoo ndiyo utakayoipikia ya pili, na ya pili itakupa ya tatu."

"Ni hivyo tu?"

"Usafi. Bia ni usafi, bwana. Yanayobaki yote ni kungoja."

Lyle akasema kungoja anakuweza, siku hizi hafanyi kingine. Roberta akampunguzia bei ya vizibo bila kusema kitu, naye Lyle akajifanya hakuona.

Chupa zilimpa shida kuliko vyote. Zilitakiwa zile za kufunguliwa kwa kifungulio, si za kuzungusha kizibo, na pa kuzipata bure palikuwa mahali pamoja tu, baa ya pembeni ya daraja, ambako mwenye baa alimruhusu achukue tupu zote za Ijumaa na Jumamosi. Lyle alichagua kwenda saa nne asubuhi, akijua hakuna mtu. Alimkuta Duane Ebben, aliyekuwa chini yake kiwandani miaka kumi na moja, kakaa na wenzake wawili.

"Lyle!" Duane akaita. "Kumbe ni kweli? Umeanza kuokota chupa?"

"Angalia usije ukaniokota na mimi," akadakia mwingine, "nami tupu."

Walicheka, na Lyle akacheka nao, kainama juu ya pipa la takataka, mkono umezama hadi kiwiko, maji ya bia ya jana yakimchuruzika ndani ya shati. Alizihesabu kwa sauti ili asiwasikie. Alipoinuka na kreti mbili, Duane alinyanyuka kumfungulia mlango, na hilo lilimuuma kuliko yale maneno.

Alipika mara ya kwanza mwishoni mwa Machi. Arlene alichana pazia kuukuu la chooni akashona mfuko wa kuwekea kimea, na Lyle akautumbukiza mfuko kwenye sufuria kama mtu anayetengeneza chai ya jitu. Nyumba nzima ikanuka uji mtamu. Wakachemsha saa nzima na hopsi, wakalibeba sufuria wakiwa wawili hadi kwenye beseni la kufulia, katika chumba cha chini ya nyumba, wakalizungushia maji na theluji waliyochota uani kwa koleo, kwa kuwa Roberta alisema lipoe upesi, na theluji ilikuwa kitu pekee ambacho Kaukauna ilikuwa nacho cha bure. Kisha wakamimina ndooni, wakatia hamira, na Lyle akatoboa kifuniko akapitisha kimpira kilichoishia kwenye gudulia la maji. Kesho yake asubuhi gudulia likaanza kutoa mapovu, blu, blu, blu. Lyle alikaa ngazini akalisikiliza hadi chai ikapoa.

Duka kubwa lilimpa ndoo moja tu siku ile, nayo ilikuwa na ufa. Kwa hiyo alitumia ndoo aliyopewa na mkahawa wa jirani, iliyokuwa na matango ya siki. Aliisugua mara sita.

Mwezi ulipotimia, bia ikiwa imeshatiwa chupani, Arlene ndiye aliyeonja. Alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka nyumba ya wazee anakofanya usafi, sare bado mwilini. Akapiga funda, akaitazama chupa.

"Sema," Lyle akasema.

"Lyle. Hii ina matango."

"Matango gani?"

"Ya siki. Lete mkate na soseji, tumeshapata chakula cha mchana."

Kicheko kikampata, akashindwa kusimama, akakaa kwenye ngazi kashika tumbo. Lyle alitaka kukasirika. Akaonja, akatema, akajikuta naye yuko chini kando yake, machozi yanamtoka kwa kucheka. Wakazimwaga chupa arobaini na nane kwenye shimo la maji machafu, mmoja akifungua, mwingine akimwaga, na kila baada ya muda Arlene akisema, "Nipitishie haradali."

Lakini kimea cha chupa zile kilikuwa kimekwenda, na hamira nayo, na hela ya kununua vingine haikuwepo. Lyle aliiuza mashine yake ya kutobolea barafu, ile aliyoitumia kuvulia samaki ziwani miaka yote ya baridi. Mnunuzi aliuliza kama hataihitaji tena. Lyle akasema mgongo hauko sawa.

Ya pili, kwenye ndoo ya krimu, ilitoka safi. Ya tatu ilikuwa bora zaidi. Jumamosi zote za kiangazi zilipita hivyo, Arlene akiosha chupa na kubandua karatasi za watu kwa maji moto, Lyle akichemsha, akipima, akinyonya kwa mpira, akitia sukari kijiko kwa kijiko ili bia ipate gesi bila kupasua chupa. Chini kulikuwa na ubaridi mzuri. Walizungumza. Lyle alimsimulia mambo ya kiwandani ambayo hajapata kumsimulia katika ndoa yao ya miaka thelathini, nani alilala juu ya mashine, nani aliyekatwa kidole akakitafuta kwenye rundo la karatasi. Kochi la juu lilianza kurudia umbo lake.

Nembo za kubandika chupani alizitengeneza kwa karatasi yake mwenyewe. Siku ya mwisho kiwandani kila mtu alipewa bunda moja la karatasi zilizotoka kwenye mashine yake, na Lyle alikuwa hajalifungua. Sasa alilifungua. Jirani yao Orville Hietpas, mjane mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza, akaandika juu ya kila moja, kwa wino wa buluu: *Tessa na Graham*. Wakazibandika kwa maziwa, kwa sababu maziwa yakikauka hushika vizuri na hayana gharama.

Tessa alikuja siku moja ya Julai, peke yake, kachoka na safari. Lyle alimvuta mkono hadi chini kabla hajavua viatu.

"Funga macho. Fungua. Unaona nini?"

Kreti zilikuwa zimepangwa ukutani, nembo zote zimetazama mbele. Tessa akaigusa nembo moja kwa kidole. Lyle akafungua moja, akammiminia kwenye glasi, akasimama mbele yake kama mtu anayesubiri hukumu.

"Haina matango hiyo," Arlene akasema.

Tessa akanywa. Akageuka ukutani.

"Vipi? Mbaya?"

"Gesi, Baba. Imeniingia puani." Akajifuta. "Ni nzuri. Haki ya Mungu ni nzuri mno. Baba, nilitaka kukuambia kitu kuhusu ukumbi..."

"Ukumbi waachie wakwe zako. We niambie friji yao inaingia kreti ngapi. Orville atanipa pikapu, tutazipeleka asubuhi na mapema zipate baridi."

Tessa akamtazama mama yake. Kisha akasema friji yao ni kubwa.

Jioni ile, wakati Lyle akikata nyasi, Tessa na mama yake walikaa jikoni muda mrefu. Lyle aliwaona dirishani, vichwa vimekaribiana, akadhani wanazungumzia gauni.

Siku ya harusi ilitoka na jua jeupe na upepo mdogo kutoka Ziwa Winnebago. Lyle na Orville walifika ukumbi wa Birchmere saa tatu na nusu asubuhi, kreti zimefungwa kamba na kufunikwa blanketi. Lyle alikuwa na suti ya kukodi, suruali imezidi kidogo. Walikuwa wameshusha kreti ya pili pale mlango wa jikoni alipotokea msimamizi, dada kijana mwenye redio ya mkononi na tabasamu la kazi.

"Habari za asubuhi. Hizo ni za nini?"

"Bia ya harusi," Lyle akasema. "Mimi ni baba wa bibi harusi. Friji iko wapi?"

Tabasamu halikuondoka, ila lilikaza. "Samahani sana, bwana. Haturuhusu kinywaji kutoka nje. Ni sheria ya leseni yetu."

"Hii haijatoka nje. Imetoka nyumbani kwangu."

"Naelewa, bwana. Ndiyo hiyo hasa ambayo haturuhusu."

Orville akaweka kreti chini kwa kishindo. "Dada, mtu huyu kapika tangu Machi. Unajua baba wa bibi harusi maana yake nini?"

"Orville," Lyle akasema. "Ngoja. Kuna makosa. Binti yangu amekwisha panga."

Dada yule akanong'ona kwenye redio, na baada ya dakika mbili akaja Meredith, mama yake Graham, nywele zimeviringwa nusu kichwa, koti la hariri begani. Aliziona kreti, akaziona nembo, akaweka mkono mdomoni.

"Oh, Lyle," akasema. "Nilidhani Tessa alikuambia. Vinywaji vyote vimo kwenye mkataba. Tulitia saini Februari, yeye na Graham walikuwepo."

Februari. Mlo ule wa Jumapili, nyama iliyokatwa vipande, ulikuwa wa Machi.

"Alikuwepo," Lyle akarudia.

"Lakini zimependeza! Huu mwandiko!" Meredith hakuwa mtu mbaya, uso wake ulikuwa umejaa huruma, na Lyle angetoa chochote asiuone. "Sikiliza, tunaweza kuweka mbili tatu kwenye meza ya zawadi. Kama mapambo. Si ndiyo?"

Msimamizi akasita. "Mapambo sawa. Ila ziwe tupu, bwana. Mkaguzi akikuta chupa imejaa, leseni inaondoka."

Wahudumu wawili waliokuwa wakibeba viti wakasimama kutazama. Lyle akatoa funguo zake, zenye kifungulio, akachagua chupa tatu. Akasogea kwenye nyasi, akainama ili isimrukie suruali ya watu, akazimwaga moja baada ya nyingine. Povu lilisimama juu ya nyasi, jeupe na zito, kama bia inavyotakiwa kufanya. Akazikung'uta. Akampa Meredith.

"Nitazitia maua," Meredith akasema kwa sauti ndogo.

Orville alikuwa ameshaanza kurudisha kreti garini. Alipofika upande wa pili wa pikapu alifungua moja akainywa yote akiwa amesimama, kisha akajifuta mdomo kwa hasira. "Ni nzuri, Lyle," akasema. "Nzuri hasa. Waende zao huko."

Tessa alikuwa chumba cha juu, amekwisha vaa. Wasichana waliokuwa wakimpamba walipomwona Lyle mlangoni walitoka bila kuambiwa. Tessa alimtazama kwenye kioo, na kabla hajasema neno akajua.

"Baba."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile ile mezani ulikuwa unajua. Na Graham anajua. Nikakaa miezi sita..." Akashindwa kumalizia. Akaanza upya, taratibu, kama anayeuliza njia. "Kwa nini hukuniambia, Tess?"

"Ulisimama," Tessa akasema. Machozi yakaanza kushuka juu ya poda. "Ulikuwa hujasimama tangu Krismasi, Baba. Mama alikuwa ananipigia simu analia chooni ili usimsikie. Halafu ukasema bia, ukasimama, ukawa wewe. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Kila wiki nikipiga simu unaniambia hamira, unaniambia vizibo. Ningekwambia siku gani? Hebu niambie wewe, siku gani?"

Lyle alitaka kumwambia kwamba kuna wagonjwa wanaopewa udongo wa rangi wauviringe ili wasisumbue wauguzi, na kwamba hakujua kama ameshafika huko. Aliyaona maneno hayo yote yamepangwa mdomoni. Alimwona pia mwanawe, miaka ishirini na saba, mabega wazi, saa moja kabla ya kuolewa.

"Usilie, utaharibu uso," akasema. "Umependeza."

Akampeleka kwa mkono mbele ya watu, hakukosea hatua hata moja. Alicheza naye. Alipewa glasi ya kitu chembamba chenye mapovu, akainua watu walipoinua. Mezani pa zawadi chupa tatu zilisimama na maua meupe midomoni, na mgeni mmoja wa Minneapolis akamwambia Meredith, Lyle akisikia, kwamba hilo ni wazo zuri sana, wamezinunua wapi.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Arlene jikoni, kahawa mbili mezani. Kreti zilikuwa zimerudi chini. Orville alizishusha mwenyewe.

"Na wewe," Lyle akasema. Hakuwa anauliza. Ilikuwa imemjia alfajiri, vile vichwa viwili dirishani mwezi wa Julai.

"Tangu Julai," Arlene akajibu.

"Ukaendelea kuosha chupa."

"Nikaendelea."

"Kila Jumamosi. Ukijua zinakwenda kumwagwa."

"Nikijua."

Lyle akasukuma kikombe. "Mlikuwa mnanitazama wote kama mtoto anayejenga nyumba ya mchanga. Mlikuwa mnacheka."

"Nani alicheka?" Arlene akasimama, na Lyle akashtuka, maana mkewe hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Mimi nilicheka siku moja tu, ya matango, nawe ulicheka! We unajua mimi huko kazini naosha nini? Naosha watu waliosahauliwa na watoto wao. Naosha vitanda vyao. Halafu Jumamosi nashuka chini, mume wangu ananisimulia habari. Miaka thelathini, Lyle, hujawahi kunisimulia kitu. Kama bia ile ilikuwa uongo kwako, kwangu haikuwa uongo. Hizo Jumamosi ni zangu. Kasirika unavyotaka, lakini hizo usiniharibie."

Akachukua mkoba wake akaenda kazini, saa nzima kabla ya zamu. Lyle alibaki na kahawa mbili. Mchana alirudi kochini.

Tessa na Graham walihamia Oregon mwezi wa Oktoba. Lyle alipata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala moja huko Neenah, siku tatu kwa wiki, msimamizi wake akiwa na umri wa Tessa. Chini hakushuka. Nguo zilipohitaji kufuliwa, alimwachia Arlene, naye Arlene akazigeuza kreti, nembo zikatazama ukuta.

Jumapili baada ya Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, simu ililia. Lyle alikuwa amelazimika kushuka chini kutazama bomba lililokuwa linavuja, Arlene akimshikia tochi, kwa hiyo alipokea huko huko, kasimama katikati ya beseni na kreti.

"Baba? Ni mimi." Sauti ya Tessa ilikuwa mbali na ya tahadhari, kama ilivyokuwa tangu harusi. Waliongea hali ya hewa. Waliongea bomba. Kisha Lyle akamsikia anavuta pumzi. "Baba, zile bia... bado ziko?"

Lyle aliutazama ukuta wa chupa.

"Zile? Zimekwisha zamani," akasema. "Hukusikia? Nilimwita Orville, akaja na watu wa kiwandani. Duane alikunywa kumi peke yake, tukambeba. Waligombania za mwisho, Tess. Wananiuliza nitapika lini tena."

"Kweli, Baba?"

"Kweli kabisa. Mwenye baa wa darajani naye kaniomba."

Upande wa pili Tessa alianza kulia, kilio cha mtu aliyetua mzigo, huku akicheka. Alisema amekuwa halali. Alisema kila akifunga macho anaziona zimepangwa pale chini. Alisema watakuja Krismasi, yeye na Graham, wiki nzima. Lyle akasema njooni, mvae vizuri, baridi ya huku mnaijua.

Alipokata simu, tone lilikuwa bado linaanguka kutoka kwenye bomba. Arlene alizima tochi.

"Umemdanganya," akasema.

"Ee."

"Umemdanganya vizuri."

"Ungetaka nimwambie nini?"

Arlene alikwenda kwenye ukuta akaigeuza kreti ya juu, akatoa chupa mbili, akazifuta vumbi kwa aproni.

"Anakuja Krismasi," akasema. "Mapambo ya mti yako wapi?"

Lyle akatazama sanduku la mapambo. Lilikuwa nyuma ya kreti, na kila Krismasi Tessa ndiye aliyeshuka kulichukua.

"Haya basi. Zimebaki mia mbili na kitu, na siku hazifiki hata thelathini. Orville hanywi nyingi siku hizi, tumbo. Itabidi umwite Duane kweli, na mdomo wake, na wale wengine wote. Mkianza leo, akifika atakuta ulisema kweli."

Alifungua zote mbili. Hapakuwa na glasi, wakanywa kwenye chupa. Lyle alikuwa ameionja kiangazi, ikiwa bado changa na yenye ukali fulani mwishoni. Miezi ile ya kukaa gizani ilikuwa imeuondoa. Ilikuwa imetulia, ina uchungu wa kiasi na utamu wa mkate nyuma yake, bia ambayo mtu angeweza kuisimamisha mbele ya wageni mia na ishirini na kuwatazama usoni wakiinywa.

Alipiga funda la pili ili ahakikishe. Kisha akaiweka chupa juu ya mashine ya kufulia, akaishika mashine kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku kiwanda kinafungwa wala kule Birchmere kwenye nyasi. Arlene alivuta kreti tupu akakaa karibu naye. Hakumwambia anyamaze. Alikunywa yake taratibu hadi ikaisha, akaisuuza kwenye beseni, akaisimamisha mdomo chini, ikauke.